Mikono Mitupu Kwenye Mwano

Mwabulenga, Lalago
14 Agosti 1994

Kaka Thomasi,

Ng'wangaluka. Naamini wewe, wifi Gloria na watoto mmeamka salama huko Nassa. Sisi tumeamka, na hiyo ndiyo habari kubwa niliyonayo kwa leo. Kristofa ana miezi minne na hataki kuwekwa chini, kwa hiyo naandika huku ananyonya. Ukiona herufi imeruka mstari, ujue amenipiga teke.

Kaka, nina swali, na nataka unijibu kama mwinjilisti, siyo kama kaka peke yake.

Mwaka huu wanunuzi binafsi wa pamba wameingia mpaka huku kwetu. Watu wameuza na kununua ng'ombe, kama ilivyo kawaida yetu. Wezi nao wameona. Zamani mwizi aliswaga ng'ombe kwa miguu, unafuata nyayo, unamkuta. Siku hizi malori yako kila njia, ng'ombe akishafika barabarani ni nyama ya mjini. Mwezi uliopita mazizi matatu hapa kijijini yamebaki na samadi tu. Basi sungusungu wameamka upya, na mtemi wao ni Mzee Machibya, unamkumbuka, yule wa kisimani. Ametangaza kwamba kila mwanamume mwenye mji aapishwe, achanjwe chale za dawa, awe na upinde na mishale. Mwano ukipigwa, yaani lile yowe la wezi, wote wanakimbia. Na mwizi akishikwa hapelekwi popote. Hilo unalijua.

Mume wangu hajaapishwa. Nimemzuia mimi. Anasema, "Nyanjige, mimi ni mtoto wa mwindaji. Upinde niliujua kabla sijajua suruali. Nikikataa watasema naogopa." Nikamwambia, "Mayige, mwaka juzi ulibatizwa, hirizi ya baba yako ukaitupa watu wote wakiona. Leo unarudi kuchanjwa?" Akacheka, akasema, "Hirizi niliitupa. Ng'ombe sikuwatupa."

Kaka, mtu anayekula meza ya Bwana anaweza kwenda na mshale kumfuata mtu? Wewe ulikwenda vita ya Kagera na ukarudi ukaokoka. Wewe ndiye unayejua pande zote mbili. Ukisema ndiyo, nitamwachia aende. Ukisema hapana, nitasimama naye.

Barua hii nampa mzee wetu wa kanisa, Marcelo, anakwenda mnadani Bariadi. Atamkabidhi konda wa basi linalopita Nassa.

Mdogo wako,
Nyanjige


Nassa
28 Agosti 1994

Mdogo wangu Nyanjige,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya teke la mjomba. Mwambie nimeipokea salamu yake.

Jibu langu ni hapana.

Usiku na mchana nimelipima, sikulitoa mfukoni. Bwana alimwambia Petro arudishe upanga, na Petro alikuwa anamtetea Bwana mwenyewe, siyo ng'ombe. Kama kwa ajili ya Mwana wa Mungu upanga ulikatazwa, kwa ajili ya ndama utaruhusiwaje?

Nitakuambia kitu ambacho hata mama alikufa sijamwambia. Ng'ambo ya Kagera tulimkuta askari wao anapika maharage, peke yake, mgongo ametupa sisi. Nilikuwa wa mbele. Alipoanguka maharage yalikuwa bado yanachemka. Tulikuwa na njaa siku mbili, tukakaa, tukala. Yalikuwa na chumvi ya kutosha. Nyanjige, mpaka leo Gloria akipika maharage natoka nje. Hicho ndicho kinachobaki kwa mtu. Watu watakupigia vigelegele, lakini sufuria ile hawatakula kwa niaba yako.

Basi asiende. Asichanjwe, asishike upinde. Nyumba moja ikisimama, kijiji kizima kitaona. Huku nasi tunajaribiwa, lakini neno ni lilelile. Shemeji Mayige mwambie uoga ni kufuata kundi.

Kaka yako katika Bwana,
Thomasi


Mwabulenga
2 Oktoba 1994

Kaka Thomasi,

Tumesimama.

Walimwita Mayige uwanjani, pale kwenye ghala la pamba, watu wote wamekaa. Mimi nilikuwa pembeni na wanawake, mtoto mgongoni. Machibya akamuuliza, "Mayige, unaumwa?"

"Siumwi, baba."

"Huna upinde?"

"Wa marehemu baba upo."

"Basi shida yako ni nini?"

"Mimi ni mtu wa Yesu, baba. Siui mtu."

Watu wakacheka, mmoja akasema, "Yesu amepata mchungaji, sasa atafute na ng'ombe!" Machibya hakucheka. Kaka, afadhali angecheka. Alimtazama kama mtu anayetazama shamba lililokauka, akasema taratibu, "Ng'ombe wako watano wanalala kwa sababu mimi silali. Hilo umelifikiria?" Mayige akasema amelifikiria. "Na bado?" "Na bado, baba."

Basi Machibya akasimama akatangaza. Kuanzia siku ile nyumba yetu haipo. Hakuna kuipa moto, hakuna kuipa maji, hakuna kuisalimia. Na tukipiga mwano, hausikiki.

Ni wiki tatu sasa. Kisimani nasubiri mpaka wote waondoke. Wakiniona mbali wanaambizana, "Fanyeni haraka, mke wa malaika anakuja." Mwingine anajibu, "Malaika anakunywa maji, mayu, mama yangu?" Hao ni wanawake tuliopalilia pamoja. Mashine ya kusaga wamenikatalia, nasaga kwa jiwe na mtoto mgongoni, kiuno siyo changu tena. Marcelo, mzee wa kanisa, naye ameapishwa. Kanisa zima limeapishwa, kaka. Jumapili tunakaa benchi letu peke yetu. Kwenye kupeana amani mkono wangu ulibaki hewani mpaka nikaurudisha kwenye kanga.

Goodness ana miaka mitano, ameniuliza, "Mama, kwani sisi tunanuka?" Nikamwogesha.

Sijutii. Nasema tu nimechoka. Njoo, kaka. Wewe ulikuwa askari, hakuna atakayekuita mwoga. Njoo usimame pale kwenye ghala uwaambie kama ulivyoniandikia. Maneno yangu mimi ni ya mwanamke wa darasa la saba.

Nyanjige


Nassa
20 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa.

Kuja sitaweza kwa sasa. Tuna semina ya wainjilisti, na Gloria miguu imevimba, mimba hii inamsumbua. Mwezi ujao nitaona. Nimekutumia kwa konda pakiti nzima ya viberiti, ili msimwombe mtu moto, na sabuni miche miwili.

Wakumbuke wale vijana watatu wa tanuru. Na wao nyumba yao ilikuwa haipo. Nawaombea kila alfajiri, nawataja kwa majina mpaka Kristofa.

Thomasi


Mwabulenga
19 Novemba 1994

Kaka,

Viberiti vimefika, sabuni moja imefika. Nyingine nadhani imemsafisha konda.

Mwezi ujao ndiyo huu na hukuja. Sikulaumu, wifi kwanza. Lakini sikiliza.

Mvua imeanza na mwano unapigwa kila wiki. Ukipigwa, Mayige anazunguka mji kama fahali aliyefungwa mguu. Wanaume wanapita mbele ya boma letu wanakimbia, na yeye amesimama na jembe mkononi. Juzi alirudi ndani akakaa chini ukutani. Akasema, "Huko kuna mtu anaibiwa, Nyanjige. Mimi siombi kuua. Naomba kukimbia tu." Sijawahi kuona machozi ya Mayige. Hata siku ile hayakutoka, lakini niliyasikia kwenye sauti.

Na kuna hili. Marcelo alinipitia shambani. Hakunisalimia, si wamekatazwa, alisimama kwenye mpaka akaongea kama anaongea na mti wa pamba. Akasema askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakauliza, na sisi tufanye nini? Yohana hakuwaambia watupe mikuki. Aliwaambia wasidhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Akasema na yule akida Kornelio, Roho alimshukia akiwa na upanga kiunoni, na Petro hakumwambia auache. "Basi Mungu amemkataa Mayige kwa lipi?" akauliza ule mti, akaenda zake.

Unijibu hilo.

Na utupe njia, kaka. Njia yoyote ambayo mume wangu anaweza kuwa mtu kati ya watu na bado mikono yake ikawa safi. Mwanamume hawezi kuishi kama kivuli. Namwona anaisha.

Nyanjige


Nassa
30 Novemba 1994

Mdogo wangu mpendwa,

Mwambie Marcelo hivi. Yohana aliwajibu askari wale kabla Bwana hajapanda mlimani kusema "wapendeni adui zenu". Mtu hafuati taa wakati jua limeshachomoza. Kuhusu Kornelio, Maandiko yanasema Roho alimshukia, hayasemi kesho yake aliamkia wapi. Hatujui kama aliuvaa tena ule upanga. Mimi naamini hakuuvaa.

Kuhusu njia, nimeomba na nimeipata, na nimefurahi mpaka Gloria ameniuliza nina nini.

Mayige akimbie. Mwano ni kilio cha mtu, na Mkristo hawezi kuziba masikio. Akimbie kama wengine, hata kuwapita. Lakini asibebe upinde wala fimbo. Aende mikono mitupu. Akifika asaidie kurudisha ng'ombe, abebe aliyeumia, awape maji. Na mwizi akishikwa, yeye awe wa kuwaambia msimuue. Mikono mitupu ndiyo itakayohubiri. Wataona mtu anayekwenda kwenye hatari bila silaha, na hakuna atakayemwita mwoga tena.

Hii ndiyo njia. Nashangaa sikuiona mapema.

Kaka yako,
Thomasi


Mwabulenga
16 Desemba 1994

Kaka Thomasi!

Leo nakuandikia nikiwa nimeshiba kicheko, si chakula.

Mwano ulipigwa Jumanne asubuhi, kwa Mzee Salu hapo jirani. Mayige alitoka kama alivyo, mikono mitupu. Ng'ombe walikuwa hawajafika mbali, wezi waliwaacha wakakimbia, na yeye ndiye aliyemkamata pembe yule dume mkorofi aliyewashinda wote. Machibya akamwambia, "Wewe malaika, kumbe una miguu!" Wote wakacheka, na yeye akacheka. Kaka, alirudi nyumbani amesimama wima. Akala ugali wa jana wote akaomba mwingine.

Kisimani jana mama Salu alisogeza ndoo yake akaniachia nafasi. Hakusema neno, amri bado ipo. Lakini alisogeza.

Mungu akubariki kwa ile njia. Nilikuwa nimekata tamaa, sikukuambia.

Wifi amejifungua? Tuambie.

Nyanjige


Nassa
3 Januari 1995

Nyanjige mdogo wangu, na shemeji yangu Mayige,

Heri ya mwaka mpya! Gloria amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Elizabeth. Wote salama.

Barua yenu nimeitembeza kama picha ya arusi. Siku ya mwaka mpya nimehubiri juu ya mtu mmoja wa Lalago anayekimbilia mwano mikono mitupu. Sikutaja jina. Watu walilia, kaka mmoja mvuvi akasimama akasema tangu leo ameacha kisu. Shemeji, hujui ni wangapi umewainua ukiwa huko huko shambani kwako.

Endelea hivyohivyo. Usiongeze hata fimbo.

Mwezi wa pili nakuja, safari hii ni kweli. Nataka kumwona huyo dume mkorofi.

Thomasi


Mwabulenga
15 Januari 1995

Kaka Thomasi,

Mayige amekufa.

Tulimtuma mtu aje kwako, mto ukamrudisha, umejaa mpaka barabarani. Tukazika bila wewe. Barua yako ya mwaka mpya nimeipata jana. Siku uliyoiandika ndiyo siku tuliyomzika.

Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu usiponisikia mimi utasikia kwa watu.

Ilikuwa Jumatatu tarehe 2, saa tisa mchana, jua linawaka. Tulikuwa tunapalilia pamba. Mwano ukapigwa upande wa mashariki. Mayige akachomeka jembe ardhini, akaniambia, "Usimalize mistari yote, nibakizie miwili." Akakimbia.

Unajua alivyokuwa na mbio. Wanaume wa kwetu walitoka pamoja naye, lakini walikuwa na pinde na podo, yeye hana kitu, akawaacha. Akavuka mto kabla haujajaa. Wezi walishapita zamani, hakuna aliyewaona. Upande wa pili watu wa kijiji cha ng'ambo nao walishausikia mwano, wanakuja mbele kwa mbele. Hawamjui Mayige. Walichoona ni mtu mmoja anakimbia mikono mitupu, na nyuma yake kundi la watu wenye pinde wanapiga kelele.

Ungekuwa wewe, kaka, ungeona nini?

Walimpiga mishale miwili. Wa kwetu walipuliza filimbi, wakapaza sauti, "Ni wetu! Ni wetu!" Ile sumu haisubiri. Machibya mwenyewe alimbeba mgongoni, mzee wa umri ule, hakukubali mtu ampokee. Wananiambia Mayige alikuwa anawaambia wasigombane na wale wa ng'ambo. Hakufika nyumbani mzima.

Maiti haitengwi, ndiyo desturi. Jioni ileile watu wote walikuja. Maji yalikuja mitungi mingapi sijui. Unga ulisagwa kwenye ile mashine. Kila nyumba ilileta kuni na kaa la moto, uwanja wangu ukajaa moto wa kijiji kizima. Goodness alikuwa anacheza na watoto wenzake, amefurahi, ananiuliza kama wataondoka. Nilimwangalia nikashindwa kumwambia anyamaze.

Baada ya mazishi Machibya alikaa chini, mbele yangu, siyo kwenye kiti. Akasema, "Mayu, mimi nilimtenga mumeo nikijua siku moja atachoka, atakuja kuapa. Siku ya kuapishwa jambo la kwanza tunalomfundisha mtu ni hili: kwenye mwano usikimbie mikono mitupu, na usitangulie kundi. Asiye na upinde ndiye anayefukuzwa. Ile ya kwa Salu ilipita kwa sababu tulikuwa sisi kwa sisi. Nikasema nitamwita nimwonye, sikukuu ikaingia." Kisha akaniuliza, "Nani alimwambia akimbie hivyo?"

Nikasema, "Kaka yangu wa Nassa. Hajaapishwa, asingejua."

Machibya akasimama, akajikung'uta vumbi. Akasema, "Nassa? Huko hakuna mwanamume asiyeapishwa, mayu. Hata mapadre wanachangia." Akaondoka.

Kaka. Ulijua?

Nyanjige


Nassa
29 Januari 1995

Nyanjige,

Ndiyo.

Niliapishwa mwaka 1990. Walikuja nyumbani, wakasema mwinjilisti naye, la sivyo nyumba yako haipo. Mwanangu, Thomasi wa pili, alikuwa na wiki tatu. Nilitazama Gloria, nikatoka nikachanjwa. Nina chale mbili kifuani na mbili mgongoni, ndiyo maana sijaoga ziwani na watu miaka mitano. Upinde wangu uko juu ya dari. Nimekwenda kwenye mwano mara saba. Mara moja mtu alikufa, na sijui mshale ulikuwa wa nani kati yetu, wala sikuuliza.

Yale maneno ya kutokimbia mikono mitupu nilifundishwa. Nilijua. Nitakuambia ukweli wote ingawa hautanisaidia: nilipoandika barua ile sikukumbuka. Nilikuwa naandika mahubiri. Sikuwa namwandikia Mayige, nilikuwa namwandikia mtu mzuri niliyemtengeneza kichwani, mtu ambaye mimi sikuweza kuwa.

Ulipouliza mara ya kwanza ningeweza kusema, mdogo wangu, mimi mwenyewe nilishindwa, amueni kwa kuwaonea huruma watoto. Sikusema. Nilitaka nyumba moja ya kwetu iwe safi. Nikachagua yako.

Semina haikuwepo. Nisingeweza kusimama kwenye ghala mbele ya Machibya. Watemi wanafahamiana, angejua.

Yale ya maharage ni kweli. Jibu langu naliamini mpaka leo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Neno lilikuwa kweli na aliyelisema alikuwa mwongo, na aliyelitii amekufa.

Nitakiri mbele ya kanisa. Nitarudisha Biblia ya kazi. Nije kwako nikiri mbele ya kaburi, ukiniruhusu. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Thomasi


Mwabulenga
19 Februari 1995

Kaka Thomasi,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Nimeisoma mara moja tu, ilitosha.

Mambo ya kanisa lako amueni na kanisa lako. Kwangu usije kukiri. Mimi siyo madhabahu, ni mwanamke mwenye watoto wawili, na Kristofa anaota meno. Kaburi nalo halikusikii. Ukija ulie pale, nitalazimika kukupikia na kukubembeleza, na nguvu hiyo sina.

Lakini pamba imezidiwa na magugu. Nimemaliza mistari yote isipokuwa ile miwili, na magugu ya mwanzo yameshaota tena. Kama unataka kuja, njoo na jembe. Ulime wiki moja, ulale kwa Marcelo, uondoke. Maneno usilete.

Na usijichukulie kosa lote. Ni mimi niliyemzuia Mayige kabla sijakuuliza wewe. Nilitaka mume safi, nikamtuma kwako kwa barua kama mtu anayetuma mtoto dukani. Sehemu hiyo ni yangu na sikupi.

Yule aliyempiga Mayige mshale alikuja. Anaitwa Ngassa, ni wa ng'ambo, mwenye sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa lao. Alikaa nje ya boma tangu asubuhi, hakuthubutu kuingia, nikampelekea maji. Alipoyapokea, nusu ikamwagika. Akasema mchungaji wake amemwambia hana dhambi, alikuwa analinda watu. Na mwinjilisti wao amemwambia ana dhambi, asile meza ya Bwana mpaka mwakani. Akaniuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Ndilo swali langu la mwezi wa nane, kaka, limerudi likiwa na miguu, limekaa kwenye vumbi langu. Ukisema Mkristo asiende, huyu hapa Mayige. Ukisema aende, huyu hapa Ngassa. Nilimwambia sijui. Nikamwambia aende nyumbani, mkewe atakuwa na wasiwasi. Hakunywa yaliyobaki.

Machibya amesema nyumba yangu sasa ina mwano. Nikipiga, watakuja. Wanawake wananipisha kisimani kabla sijafika. Wananiita mayu wa wote. Mashine wananisagia.

Nimwambie mtu gani kwamba nilipenda zaidi wakati nyumba yangu ilikuwa haipo?

Juzi mchana mwano ulipigwa tena, upande uleule wa mashariki. Nilikuwa shambani. Nilibeba Kristofa, nikamvuta Goodness kwa mkono, tukaingia ndani, nikafunga mlango. Niliwasikia wanapita, miguu mingi, wanahema. Goodness akapiga magoti kama nilivyomfundisha, akafumba macho, akauliza, "Mama, leo tunawaombea wanaokimbiza au wanaokimbizwa?"

Nikamwambia ainuke anisaidie kuchambua mboga. Tulichambua mpaka kelele zikaisha. Sikuomba, kaka. Tangu siku hiyo sijaomba.

Nyanjige